Chuma au Pekupeku? Kweli na Uzushi Kuhusu Miguu ya Farasi

Tarehe 7 Agosti 2021, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, timu ya Sweden ilitwaa dhahabu ya kuruka viunzi kwa farasi baada ya kutoka sare na Marekani na kulazimika kurudia raundi. Tofauti haikufika hata sekunde mbili. Lakini wenye farasi duniani waliamka kesho yake wakizungumzia miguu, si sekunde. Farasi wawili kati ya watatu wa timu ile, All In wa Peder Fredricson na King Edward wa Henrik von Eckermann, waliviruka viunzi vile pekupeku, bila kipande cha chuma kwenye kwato.

Ubishi wa zamani ukapata kuni mpya. Wapo wanaoapa kwamba kiatu cha chuma ni ukatili tuliourithi bila kuuliza, na wapo wanaoapa kwamba kumpanda farasi bila kiatu ndiko ukatili. Nimewasikiliza wote wawili, na nina shaka nao wote wawili. Anayefuga farasi, awe na wa mbio kule Ngong, Nairobi, awe askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi Tanzania, au awe na farasi mmoja tu wa kubebea watoto siku za sikukuu, atasikia madai haya siku moja. Tuyapime.

"Farasi aliumbwa pekupeku, basi aachwe pekupeku."

Nusu ya kwanza ni kweli. Hakuna farasi aliyezaliwa na chuma, na hakuna pundamilia wa Serengeti aliyewahi kuinuliwa mguu na fundi wa kwato. Kwato ni keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha zetu na pembe ya kifaru, nayo huota bila kukoma: kwa farasi mzima ni karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa mbele huchukua takriban mwaka kushuka kutoka kwenye nywele hadi ardhini. Pundamilia anatembea kutwa, ardhi inamsugua, na kinacholika kinalingana na kinachoota. Huyo hana haja na fundi.

Shida iko kwenye ile "basi". Pundamilia habebi mtu wa kilo themanini na tandiko lake. Hafungiwi bandani usiku kucha na nusu ya mchana, kisha akatolewa ghafla kwenda kilomita ishirini kwenye barabara ya moramu. Wala hakuchaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mbio peke yake, kama walivyochaguliwa farasi wa mbio wa asili ya Uingereza, ambao wengi wao wana nyayo nyembamba na bapa kwa sababu wafugaji walitazama saa, hawakutazama kwato. Tena pundamilia mwenye kwato mbovu hatumwoni, kwa sababu simba alimwona kwanza. Tunawatazama waliosalia, halafu tunatangaza kwamba porini wote wana miguu mizuri.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, wakiwamo Brian Hampson na Chris Pollitt, hawakutaka kubahatisha. Waliwafuatilia kwa vifaa vya GPS farasi waliorudi mwituni, wale wanaoitwa brumby, wakakuta wanatembea wastani wa kilomita 16 hivi kwa siku, na wengine huenda mbali sana na maji kutafuta malisho. Kwato za wale wa jangwani zilipendeza: fupi, ngumu, kingo zimeviringika kana kwamba fundi alizipitishia tupa jana. Hizo ndizo kwato ambazo wapenzi wa pekupeku walikuwa wakiziiga. Lakini miguu ilipochunguzwa kwa ndani, baadhi ilikuwa na alama za laminaitisi ya muda mrefu, yaani kuumia kwa lile tabaka linaloushikilia ukuta wa kwato kwenye mfupa. Na kwa farasi wa mwituni wa Kaimanawa, New Zealand, wanaokaa kwenye ardhi laini zaidi, walikuta kasoro nyingi kiasi cha kusema wazi kwamba hao hawafai kuwa mfano wa kuigwa. Kumbe pori si cheti cha afya.

Historia nayo haiko upande mmoja. Wagiriki hawakuwa na viatu vya misumari. Xenophon, mpanda farasi na mwandishi wa karne ya nne kabla ya Kristo, alishauri uwanja wa nje wa zizi umwagwe mawe ya mviringo ya kujaa kiganja, mizigo minne mitano ya mkokoteni, farasi asimame juu yake kila siku ili kwato zikomae. Ni ushauri mzuri hadi leo, na wengi wanaofuga pekupeku huko Ulaya wanafanya jambo hilohilo kwa kokoto. Lakini karne hiyohiyo jeshi la Aleksanda Mkuu lilipofika India, mwanahistoria Diodorus anasimulia kwamba kwato za farasi zilikuwa zimelika na kuwa nyembamba kwa safari isiyokwisha. Warumi wakaja na makubazi ya chuma yaliyofungwa kwa kamba. Kiatu cha misumari kilienea Ulaya baadaye, katika Zama za Kati, pamoja na ardhi yake yenye unyevu, mabanda yake, na mizigo mizito. Kwa maoni yangu hapo ndipo jibu lilipo. Kiatu hakikubuniwa na mvivu. Kilikuja pale kazi ilipoila kwato kuliko ilivyoweza kuota.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye farasi ni hesabu tu: kwa mwezi mmoja farasi huyu anaotesha kiasi gani, na barabara inamla kiasi gani?

"Misumari inamtesa farasi."

Si kweli, ikipita panapostahili. Geuza kwato iliyosafishwa utaona mstari mwembamba wa rangi ya manjano hafifu ukizunguka wayo. Ndani ya mstari kuna uhai, damu na mishipa ya fahamu. Nje ya mstari ni ukucha mtupu. Fundi hupitisha misumari yake huko nje, mara nyingi sita hadi minane kwa kiatu, na msumari wenyewe umechongwa ncha upande mmoja ili ukisukumwa ujipinde kuelekea nje na kutokeza kwenye ukuta. Ncha iliyotokeza inakatwa, inakunjwa, inapigwa tupa. Fundi mzoefu husikiliza pia: msumari unaopita kwenye ukucha mgumu una mlio mkali na kila pigo linakutana na ukinzani, mlio ukigeuka kuwa mzito na msumari ukaingia kirahisi, anauchomoa hapohapo kabla ya pigo linalofuata.

Akikosea, hilo ni jambo jingine. Msumari ukigusa nyama, farasi atavuta mguu na kila mtu atajua. Ule usiogusa bali unaibana nyama kwa karibu ndio wa hila: farasi anaondoka vizuri, siku chache baadaye anachechemea, na jipu linaweza kufuata. Ndiyo maana saisi mwangalifu hupapasa kwato kwa siku kadhaa baada ya fundi kuondoka, akitafuta joto lisilo la kawaida.

Na ule moshi? Fundi anayefanya kazi kwa moto huweka chuma kilichoiva juu ya kwato kwa sekunde chache, wingu linapanda, harufu ya nywele zilizoungua inajaa banda, na wageni wanafumba macho. Farasi anaendelea kutafuna majani. Ukucha haupitishi joto upesi, na lengo ni kuona pale chuma na kwato visipokutana sawasawa. Hapo hakuna maumivu.

Uingereza inalichukulia jambo hili kwa uzito wake. Chini ya sheria ya mwaka 1975 ya kusajili mafundi wa viatu vya farasi, asiyesajiliwa haruhusiwi kupigilia kiatu, hata kama farasi ni wake mwenyewe. Ajabu ni kwamba kukata na kupiga tupa kwato za farasi asiyevaa kiatu hakumo katika katazo hilo, kana kwamba tupa haiwezi kumlemaza mnyama. Inaweza. Ukikata kisigino mno, au ukiupunguza wayo mpaka ukabonyea kwa kidole, umemtia farasi kilema bila msumari hata mmoja.

"Farasi ana mioyo mitano, na kiatu kinazima minne."

Hii ina chumvi nyingi, ingawa kuna ukweli uliozama ndani yake. Sehemu ya nyuma ya kwato ina mto wa nyama ngumu, gegedu pande zote mbili, na mtandao mkubwa wa mishipa ya damu. Farasi akikanyaga, sehemu hiyo hutanuka na kubanwa, na damu inasukumwa kupanda juu. Inasaidia. Lakini kuiita moyo ni kutia chumvi. Farasi aliyesimama akisinzia saa nzima hapungukiwi damu miguuni, na mnyama aliyevaa viatu miaka kumi hafi ganzi.

Wala kiatu hakiifungi kwato kama wanavyodai. Misumari hupigwa nusu ya mbele, pale kwato ilipo pana au mbele zaidi ya hapo, na visigino vinaachwa huru. Ukitaka kuhakikisha, mwombe fundi kiatu alichokivua leo, kigeuze upande uliokuwa umelala kwenye kwato, na uangalie ncha zake mbili za nyuma. Utakuta vijifereji viwili vilivyong'arishwa hadi vinametameta. Ni ukucha uliokuwa ukisugua chuma, ukitanuka na kurudi kwa kila hatua, wiki baada ya wiki. Kitu kilichofungwa kisingesugua.

Kilicho kweli ni kwamba kutanuka huko hupungua kiasi, na kwamba chuma huongeza mtetemo unaopanda mguuni kwato inapogonga ardhi ngumu. Pia kiatu huinua ile nyama ngumu ya pembetatu iliyo katikati ya wayo, isiiguse ardhi kama ilivyozoea. Kwa farasi mzima mwenye kazi hiyo si balaa. Kwa mwanafarasi ni hoja nzito. Robert Bowker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ametumia miaka mingi akichunguza sehemu hiyo ya nyuma, naye anashikilia kwamba inakomaa kwa kukanyaga ardhi. Mimi kwa hili namfuata: farasi mdogo aachwe akimbie pekupeku malishoni kadiri inavyowezekana, chuma kingoje.

"Kwato nyeupe ni dhaifu, nyeusi ndiyo imara."

Uzushi mtupu, ingawa umewaponza wanunuzi wengi. Rangi ya kwato inafuata rangi ya ngozi iliyo juu yake. Farasi mwenye soksi nyeupe atakuwa na kwato nyeupe, na wapo wengi wenye miguu miwili ya kila rangi, wakatembea na kulika sawa pande zote. Usimpunguzie mtu bei kwa ajili hiyo. Au punguza, kama muuzaji naye anauamini uzushi huu!

"Chuma ndicho kinachoshika ardhi."

Ardhi ipi? Kwenye lami kavu chuma kitupu huteleza, na polisi wa farasi wanajua. Ndiyo maana mafundi huongeza misumari ya vichwa vigumu au vipande vya madini magumu chini ya kiatu. Kikosi cha polisi wa farasi cha Houston, Texas, kilivua viatu kabisa katika miaka ya 2000 na farasi wake wakaendelea na doria mjini juu ya saruji na lami. Kwenye majani yaliyolowa mambo hugeuka: anayeruka viunzi kwenye uwanja wa nyasi baada ya mvua hupenda kiatu chenye matundu ya kufungia njumu, kwa sababu ukucha mtupu unaweza kumsaliti kwenye kona. Kwenye barafu, ambayo msomaji wa Dodoma ataniwia radhi kuitaja, meno ya chuma hayana mshindani.

Hiyo Sweden yenyewe iliyoshinda Tokyo ina somo zuri zaidi katika mchezo mwingine. Huko kuna mbio za farasi wanaovuta kigari cha magurudumu mawili, na sharti lao ni mwendo wa kasi usiovunjika. Farasi akitoka shoti anaweza kuondolewa. Wakufunzi waligundua zamani kwamba ukimvua viatu siku ya mbio anaongeza kasi. Hakuna uchawi: uzito unaobebwa mwisho wa mguu ndio ghali kuliko uzito wowote mwilini, kwa maana unarushwa mbele na kusimamishwa kwa kila hatua. Ndiyo sababu viatu vya farasi wa mbio za kawaida hutengenezwa kwa aluminiamu badala ya chuma. Utafiti uliochambua mbio hizo za Sweden ulithibitisha kasi hiyo, lakini ukakuta pia kwamba farasi wasio na viatu walikuwa wepesi zaidi kutoka shoti na kufutiwa matokeo. Na miezi ya baridi kali, kukimbia bila viatu hakuruhusiwi nchini humo, ili farasi asiharibiwe kwato na njia iliyoganda. Nchi moja, mchezo mmoja, na jibu linabadilika kwa kalenda.

"Dhahabu ya Tokyo imemaliza ubishi."

Haikuumaliza. Ilichofanya ni kuua dai moja tu, kwamba farasi wa kiwango cha juu hawezi kushindana pekupeku. Dai hilo lizikwe.

Lakini farasi wa Olimpiki anaruka kwenye mchanga uliochanganywa kwa vipimo, kwa dakika chache, kisha anarudi kwa saisi wake, fundi wake na daktari wake wa wanyama. Chakula chake kinapimwa. Ardhi anayofanyia mazoezi imechaguliwa. Kumchukua huyo kuwa kielelezo cha farasi wa kupandisha watalii kwenye mawe ya volkano ni sawa na kumwambia mchukuzi wa sokoni avue kandambili kwa sababu Abebe Bikila alishinda mbio za marathoni za Roma mwaka 1960 bila viatu. Bikila mwenyewe, miaka minne baadaye Tokyo, alishinda tena, na safari hiyo alivaa viatu.

Tena kuna njia ya tatu ambayo wabishi wa pande zote huisahau. Kule California kuna safari ya Tevis Cup, iliyoanza mwaka 1955: kilomita 160 za milima ya Sierra Nevada, zote ndani ya saa 24, kwenye vijia vya mawe vinavyokula kwato. Mwaka 2012 mshindi, Garrett Ford juu ya farasi aliyeitwa The Fury, alikwenda na viatu vya plastiki vilivyogundishwa kwa gundi, bila chuma wala msumari. Vipo pia vya kuvaa na kuvua, unavifunga asubuhi unapotoka na kuvifungua jioni unaporudi, kwato ikapumua usiku. Vina kero zake. Vinaweza kuchubua kisigino, vinaingiza mchanga, na kwenye tope vinaweza kubaki nyuma wakati farasi ameshaendelea na safari. Hata hivyo kwa farasi anayepandwa mwisho wa wiki tu, mimi ningeanza huko kabla ya kufikiria fuawe na nyundo.

"Pekupeku ni bure."

Dai hili ndilo linalotesa farasi wengi kuliko misumari yote iliyopotoka.

Mwenye farasi huona gharama ya viatu kila wiki sita hadi nane, anasikia habari za pekupeku, anafurahi, anavivua, na kuanzia hapo hamwiti fundi tena. Kumbe ile ratiba haikuwa ya kiatu, ilikuwa ya ukucha. Hata bila chuma kwato inaendelea kuota, na isipolika sawasawa itapanuka, itapasuka, kidole kitarefuka mbele na kuvuta kano za nyuma ya mguu. Farasi wa pekupeku anahitaji fundi wiki zilezile. Kinachopungua ni bei ya chuma.

Kisha kuna chakula, ambacho kwa maoni yangu kinaamua mengi kuliko kiatu. Farasi mnene, mwenye insulini iliyopanda, akila nyasi changa zenye sukari nyingi au akijaziwa nafaka, yuko karibu na laminaitisi. Hata kabla hajachechemea waziwazi, wayo unakuwa mwepesi wa kuuma. Kila kokoto inamsumbua. Mwenye farasi anasema, "Huyu hawezi pekupeku, ana miguu mibovu," na kumpigilia chuma. Chuma kinaficha maumivu, chakula kinaendelea kuharibu. Ukiona farasi alitembea vizuri kiangazi chote kisha masika yakaleta nyasi tele na akaanza kuzikwepa kokoto, anza na malisho, mwite daktari wa mifugo, halafu ndipo uzungumzie viatu.

Mafuta ya kupaka je? Yanang'arisha kwato kwa ajili ya picha. Hayalishi, kwa sababu kwato inalishwa kutoka ndani. Kilicho na ushahidi ni biotini: farasi wa Lipizzaner wa Vienna walipewa miligramu 20 kila siku, na ubora wa ukucha ukapanda, lakini ilichukua miezi tisa au zaidi kuonekana, maana ilibidi ukucha mpya ushuke kutoka juu. Anayekuuzia dawa ya kwato ya siku saba anakuuzia rangi ya viatu.

"Punda havai viatu, kwa hiyo hahitaji fundi."

Si kweli, na hili linatugusa sisi wa pwani kuliko yote yaliyotangulia. Lamu punda ndiye lori: ndiye anayebeba mchanga, saruji, mawe ya matumbawe na magunia kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii. Anatembea pekupeku na kwa jumla anafanya vizuri, kwa sababu kwato yake si ya farasi. Ni nyembamba zaidi, imesimama wima zaidi, na visigino vyake viko juu.

Lakini mababu zake ni punda-mwitu wa nchi kavu za mawe za kaskazini-mashariki ya Afrika. Kwato yake inanyonya maji upesi kuliko ya farasi. Mlete kwenye unyevu wa pwani, msimamishe usiku kwenye tope la mkojo na samadi, naye atalainika kwato, ukuta utaachana na wayo, na uozo utaingia ufa kwa ufa. Punda asiyefanya kazi, aliyefungwa chini ya mti, kwato zake huota mpaka zikajipinda kwenda juu kama vile makubazi ya zamani, na hapo kila hatua inapindisha viungo. Kituo cha tiba ya punda cha shirika la The Donkey Sanctuary kimekuwapo Lamu tangu mwaka 1987, na kwato ni sehemu ya kazi ya kila siku ya kituo cha namna hiyo. Tatizo jingine ni tabia ya mnyama mwenyewe. Farasi akiumia analalamika kwa mwili mzima. Punda ananyamaza. Ukimwona anachechemea, ujue ameumia zamani.

Kwa punda wa mkokoteni anayetembea kwenye lami kutwa, hesabu ile ya kuota na kulika inarudi vilevile. Ikiwa mzigo wake ni wa kiasi na anapumzishwa, kwato humudu. Akilika kuliko anavyootesha, kwanza mpunguzie safari, kisha fikiria cha kumvisha.

"Ukishaamua, umeamua."

Si kweli. Kivue kiatu wakati farasi hana kazi nyingi. Wenye farasi wa polo hufanya hivyo msimu ukiisha: viatu vinatoka, farasi wanaachwa malishoni, matundu ya misumari yanashuka na kukatwa, na msimu ukikaribia fundi anarudi. Ukitaka kumwacha pekupeku moja kwa moja, usivue leo na kumpanda kesho kwenye changarawe. Kwato mpya inahitaji karibu mwaka kushuka yote, na wayo uliozoea kuinuliwa juu ya ardhi utaanza na nyasi, uende mchanga, uende moramu laini, na kokoto ziwe za mwisho. Wengi wanaosema "nilijaribu pekupeku ikanishinda" walijaribu wiki tatu.

Namna ya kupima ni rahisi. Mtembeze farasi bila mpandaji kwenye njia yenye kokoto, umwachie hatamu zilegee. Akinyoosha hatua na kichwa kimetulia, wayo wake unatosha. Akifupisha hatua, akiinamisha kichwa, akitafuta ukingo wenye majani, bado. Daktari mwenye eksirei anaweza kukupimia unene wa wayo na kukuonyesha mfupa umekaaje ndani, na hapo ubishi wa banda zima huisha kwa picha moja.

Wala si lazima kuwa na jibu moja kwa miguu yote minne. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi aliyesimama, na ndiyo inayoanza kulalamika. Wafugaji wengi huvisha ya mbele na kuacha ya nyuma, na gharama ya viatu inashuka nusu. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana kwenye ubishi huu. Farasi wakikaa pamoja malishoni hupigana mateke, na mateke hutoka nyuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich waliipiga mifupa ya miguu ya farasi waliokufa kwa mashine iliyoiga teke, wakilinganisha ukucha, plastiki, aluminiamu na chuma: chuma na aluminiamu viliivunja mifupa mingi, plastiki na ukucha havikuivunja. Kwa hiyo ukimwachia farasi wako kwenye kundi, na kazi yake si ya kumla sana miguu ya nyuma, mvue huko nyuma kwanza.